Arusha bila makelele: mwongozo kamili wa kupata sehemu tulivu za mtaani

Wengi wanaofika Arusha hawaji kupumzika. Wanaletwa na semina pale AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), kesi, mgonjwa, usaili wa kazi au mzigo wa biashara. Wanashuka Stendi Kubwa, wanachukua gesti ya kwanza waliyoambiwa ina maji ya moto, na siku zote za kukaa kwao wanazunguka kati ya stendi, soko na Barabara ya Sokoine. Wakirudi makwao wanasema Arusha ni honi, wapiga debe na vijana wanaokufuata na michoro ya tingatinga begani. Hawasemi uongo. Ila jiji hili lina mitaa ambayo ukikaa saa nzima atapita mama mmoja na beseni lake na mtoto anayetoka dukani, basi, na mitaa hiyo haiko mbali na stendi.

Sikuletei orodha ya hoteli zenye bustani. Hizo zina vibao vyao barabarani. Nitaeleza namna ya kuzitafuta sehemu za kawaida, zile ambazo wenyeji wenyewe huzitumia, kwa mtu aliyepanga kukaa siku chache au hata mwezi.

Hatua ya kwanza: isome ramani kwa kufuata maji

Kaskazini mwa jiji kuna Mlima Meru wenye mita 4,566. Katikati ya mji, pale Mnara wa Saa, ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kati ya kilele na mji ni mteremko mtupu, na kwenye mteremko huo inashuka mito: Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, Kijenge. Yote inaelekea kusini. Barabara kubwa, kwa upande wake, zimekatiza mteremko: Barabara ya Moshi–Nairobi inapita upande wa juu, Sokoine inapita katikati ya maduka, na kutoka Mnara wa Saa Barabara ya Old Moshi inaendelea mashariki. Kwa hiyo Arusha magari na kelele zake huenda mashariki na magharibi, na maji huenda kaskazini na kusini. Ukilishika hilo, kazi imekwisha nusu.

Sababu yake ni rahisi. Mto una bonde, na kila bonde lina madaraja machache. Mtaa unaoelekea bondeni mara nyingi hautokei upande wa pili. Unaishia kwenye migomba. Mtaa usiotokea hauna daladala, hauna lori la mchanga linalokata njia, na bodaboda anaingia pale tu anapomleta mwenye nyumba. Sheria nayo imesaidia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haifuatwi kila mahali, kila mtu anaona, lakini ndiyo maana hadi leo unaweza kusimama kwenye daraja katikati ya jiji ukaona miti mikubwa na vitalu vya mchicha badala ya ghorofa.

Jioni ya kwanza, kabla hujalala, fanya hivi. Fungua ramani kwenye simu na uipakue ili ifanye kazi bila bando. Tafuta gesti yako. Kisha tafuta mto ulio karibu nayo, ufuate kwa kidole kwenda juu mpaka uvuke barabara kubwa, na utazame mitaa inayokufa kabla ya kufika majini. Geuza ramani iwe ya picha za satelaiti: penye kijani kilichokolea pana miti, na penye miti pana kivuli. Weka alama sehemu mbili au tatu, usiweke kumi. Kesho yake utazithibitisha kwa miguu.

Angalizo moja kuhusu mito. Kadiri unavyoshuka kusini, kupita maduka na gereji za Unga Limited, ndivyo mto unavyobeba takataka za mji mzima, na harufu yake haikaribishi mtu kukaa. Pendelea upande wa juu.

Hatua ya pili: chagua pa kulala kwa masikio

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu siku zao zote. Chumba kikionekana kisafi saa nane mchana, mtu analipa. Usiku anagundua ukuta wake na wa baa ni mmoja.

Kabla ya kulipa, muulize dada wa mapokezi maswali manne, na umuulize kwa utaratibu bila kumshutumu: Dada, baa ya jirani inafunga saa ngapi? Kuna kanisa lenye mkesha wa Ijumaa karibu? Umeme ukikatika, jenereta liko upande gani? Kuna chumba cha nyuma, kisichotazama barabara? Swali la jenereta huwashangaza, lakini jenereta la jirani chini ya dirisha lako litakunyima usingizi kuliko baa. Adhana ya alfajiri na majogoo usiwaulizie. Hao wapo kila mahali, na ukishazoea hawakuamshi.

Ukiweza, kagua chumba usiku. Baada ya jua kuzama hewa ya chini hupoa haraka katika mji huu wa mlimani, na hewa ikishapoa hivyo sauti husafiri mbali zaidi kuliko mchana. Muziki ambao saa kumi jioni ulikuwa mnong'ono wa mbali, saa nne usiku uko ndani ya shuka.

Kwa maeneo: Levolosi na Kaloleni ni karibu na stendi na bei ni nafuu, ila chagua mtaa wa ndani, mbali na lami. Sekei na Sanawari, juu kidogo ya Barabara ya Moshi–Nairobi, ni maelewano mazuri kati ya bei na usingizi, na asubuhi unashuka mjini kwa miguu. Ilboru ni kimya zaidi, ila usiku utahitaji boda ya kukupandisha. Njiro ina nyumba nzuri na kimya kingi, nitaisema mbele.

Hatua ya tatu: chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Mtaa mmoja wa Arusha una sura tatu au nne kwa siku, na mgeni akifika saa mbaya huufuta kwenye orodha yake bure.

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi ni wakati bora kuliko wote. Meru huwa wazi saa hizo. Baadaye mawingu huufunika, na pengine usiuone tena mpaka jioni. Barabara kubwa zinakuwa na wanafunzi na daladala, lakini mitaa ya ndani bado inafagiliwa.

Saa nane hadi saa kumi mchana ni wakati ambao wageni hawaufikirii. Watoto wako shule, watu wamekula, mama ntilie anaosha masufuria, na hata Kaloleni, mtaa ambao jioni hauna nafasi ya kupita, unasinzia.

Kisha kuna Jumapili. Katikati ya mji, eneo lote la ofisi, benki na maduka kuanzia Mnara wa Saa kwenda Barabara ya Boma na Goliondoi, hutulia Jumapili asubuhi kiasi kwamba unaweza kutembea katikati ya barabara. Jumamosi alasiri nayo si mbaya. Wakati huohuo, mitaa ya makazi ndiyo inayochangamka: makanisa, kwaya, spika. Kwa hiyo kanuni yangu ni kugeuza: siku za kazi kaa mitaani, Jumapili kaa mjini.

Kuanzia Juni hadi Agosti Arusha huwa na baridi na mawingu asubuhi nzima. Watu wa Dar na Tanga hudharau hili, kisha wanaonekana Soko la Kilombero wakichagua masweta ya mtumba. Kukaa nje kabla ya saa nne katika miezi hiyo kunahitaji koti.

Hatua ya nne: uliza swali linalojibika

Ukimuuliza mtu wa Arusha "wapi kuna sehemu tulivu?" atakupeleka kwenye hoteli yenye bwawa. Si kosa lake. Umeuliza kama mteja, amekujibu kama dalali. Wewe uliza kuhusu maisha yake.

Wa kuulizwa ni wale wanaokaa sehemu moja siku nzima: fundi viatu, fundi cherehani wa barazani, muuza magazeti, mlinzi wa geti, dada wa genge. Bodaboda anaujua mji mzima, lakini pa kukaa hana habari napo kwa sababu yeye hakai. Anza kwa salamu, maliza salamu, ndipo ulete shida yako. Mazungumzo yanaweza kwenda namna hii:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Asante mzee. Mimi mgeni, nimetoka Singida, niko hapa kwa semina. Kukaa ndani kumenichosha. Wewe mchana ukitaka kupumzisha kichwa unakaa wapi?"

"Mimi? Hapohapo tu nyuma ya kanisa. Kuna mringaringa mkubwa, fundi baiskeli ameweka benchi. Ukifika mwambie umeelekezwa na fundi viatu wa kona."

Angalia alichokupa: mahali, alama ya kupatambua, na jina la kukuingizia. Hicho cha tatu ndicho chenye thamani, maana kwenye benchi la mtaani mgeni asiye na aliyemleta anatazamwa. Mwenye aliyemleta anasogezewa nafasi. Kwa kijana wa rika lako lugha hubadilika. "Mambo vipi chalii wangu" inatosha kufungua mlango, ila usiitumie kwa mtu aliyekuzidi umri hata kama amevaa kofia ya mpira.

Maswali mengine yanayozaa: Wazee wa hapa jioni hukutana wapi? Wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wanasomea wapi? Kuna njia ya miguu ya kupanda juu bila kupita lami? Hilo la wanafunzi ni zuri sana. Mwanafunzi hana hela na anahitaji ukimya, kwa hiyo ameshakufanyia utafiti.

Hatua ya tano: toka, anza na njia hizi

*Kutoka Mnara wa Saa kwenda Boma.* Mnara wenyewe ni kelele tupu, na hadithi kwamba uko katikati ya safari ya Cairo na Cape Town utasimuliwa hata kama hujauliza. Usisimame. Panda Barabara ya Boma mpaka juu, utafika Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900. Watu hulipa kiingilio, wakatazama wanyama waliokaushwa, wakaondoka. Wewe lipa, tazama, kisha nenda kwenye uwanja wake wenye nyasi na miti mirefu. Siku za kazi kabla ya saa sita hakuna watu. Raia hulipa kiwango chake, tofauti na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Upande wa magharibi wa hapo ndipo lilipo bonde la Naura, linalougawa mji: mashariki ofisi na hoteli, magharibi soko na stendi. Ukilitazama kutoka darajani utaelewa kwa nini upande huu umetulia.

Ukiendelea kidogo unafika AICC, majengo yake matatu yakiitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa humo mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na jirani yake ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama semina yako iko hapo, usile chakula cha mchana haraka kisha ukakaa ukumbini ukichezea simu. Nusu saa inatosha kufika Boma na kurudi.

*Uzunguni.* Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa mtu mwenye saa moja tu. Kutoka Mnara wa Saa shika Old Moshi, kisha ingia mitaa ya upande wa Barabara ya Haile Selassie. Viwanja ni vikubwa, nyumba nyingi ni za zamani, na barabara zimefunikwa na miti. Oktoba na Novemba mijakaranda huchanua na lami yote inakuwa zambarau. Tembea polepole, hakuna anayekusukuma. Shida yake ni moja: hakuna pa kukaa. Ni mtaa wa kutembea. Ukichoka, shuka kuelekea Mto Themi. Kando ya mto huo kuna Themi Living Garden, bustani inayoendeshwa na kina mama wanaolima mboga na kupika vyakula vya asili. Ulizia kwanza kama wamefungua siku hiyo.

*Sanawari, Sekei na Ilboru.* Vuka Barabara ya Moshi–Nairobi na uanze kupanda. Mita mia tano za kwanza hazitakuvutia: maduka ya simu, saluni, boda zinazonguruma kwa mlima. Usikate tamaa mapema, maana sauti ya barabara kubwa hupanda na mteremko na kukufuata. Endelea mpaka lami inapopungua na ua za michongoma zinaanza. Hapo migomba na kahawa vinakaa pamoja chini ya migrevilea na miparachichi, mifereji ya maji inapita kando ya njia, na hondohondo wanapiga kelele zao juu ya miti kana kwamba wana mkutano. Hii ni ardhi ya Waarusha, imelimwa kwa vizazi, na njia nyingi za miguu hupita kati ya shamba la huyu na nyumba ya yule. Ukiona genge lenye benchi, omba chai, na ukibahatika waulize kama kuna loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando ambacho mjini chini hukipati kirahisi. Ukila polepole utakuwa umepata sehemu yako tulivu bila kuitafuta.

Wenye miguu mizuri wanaweza kuendelea mpaka Ngiresi, au kwenye maporomoko ya Napuru. Huko usiende peke yako. Chukua mwenyeji, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na uanze asubuhi.

*Kaloleni mchana.* Ajabu, ndiyo: karibu kabisa na stendi. Kwenye mzunguko wa Kaloleni kuna Mnara wa Mwenge, na pembeni yake Makumbusho ya Azimio la Arusha, ndani ya jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kulipitisha azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Ndani ni kimya na kuna picha za kutosha za kukupotezea saa nzima. Ukitoka ingia mitaa ya nyuma. Nyumba za zamani za huku zina vibaraza, na baada ya sala ya alasiri wazee hutoa kahawa, kashata na drafti. Kelele za stendi unazisikia, lakini zinakuwa za mbali, na ukishatazama mchezo mmoja wa drafti unazisahau. Usimwelekeze mchezaji. Hata kama umeona kete ya bure, nyamaza.

*Njiro.* Kimya kipo, tena kingi, ila kiko ndani ya mageti. Mgeni anayetembea Njiro anapata kuta, mbwa na vumbi la gari lililopita. Kama umefikia huko kwa ndugu, kaa uani kwake.

*Duluti na Tengeru.* Hii ni ya siku nzima. Panda daladala ya kwenda Tengeru au Usa River, shuka Tengeru, kisha tembea au chukua boda mpaka Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kuna njia ya miguu inayolizunguka lote. Utaona kima, utaona kenge, na ukikaa kimya utaona ndege wengi wa majini. Kiingilio kinalipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakikisha una salio kwenye simu. Wikiendi kuna vikundi vya vijana na spika zao. Nenda Jumanne au Alhamisi. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, ambalo ni zuri sana kwa ndizi na maparachichi na baya sana kwa mtu anayetafuta utulivu, ingawa wapo wanaopenda kuvunja safari hivyo: soko kwanza, ziwa baadaye.

Watu wachache hufika kwenye makaburi ya Wapolandi, hapohapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofika baada ya kutolewa makwao na Warusi na kuzunguka nusu ya dunia. Baadhi hawakuondoka tena. Makaburi yanatunzwa vizuri. Jitambulishe getini na ueleze nia yako.

Hatua ya sita: jua umekaa kwa nani

Karibu kila sehemu tulivu ya mtaani ina mwenyewe. Benchi chini ya mti ni la fundi. Kibaraza ni cha nyumba. Njia kati ya migomba ni ya familia inayokuruhusu kupita. Kwa hiyo piga hodi hata pasipo na mlango. Ukikutana na mtu shambani, msalimu wewe kwanza, hata kama amekupa kisogo, na useme unakokwenda. Ukikosa jibu la maana, sema unapunga upepo, watakuelewa.

Nunua kitu. Weka mfukoni sarafu za 100, 200 na 500, kwa sababu kahawa ya kibarazani hainunuliwi kwa noti ya 10,000, na kumwambia mzee atafute chenji ni kumharibia siku. Chai na chapati moja zinakupa haki ya kukaa saa nzima genge likiwa tupu. Watu wa chakula cha mchana wakianza kuingia, nyanyuka.

Simu iweke kimya. Hili linasahauliwa na walewale wanaolalamika kelele: mtu amepata kivuli chake, kisha anafungua video kwa sauti ya juu. Picha piga za miti na mlima. Za watu omba, na za watoto muombe mzazi. Majengo ya serikali, mahakama, kambi na polisi usiyapige kabisa. Sehemu ya AICC na Jumuiya ina walinzi wengi na hawana muda wa kusikiliza maelezo.

Ukipanga kukaa mwezi mtaa mmoja, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi mapema. Mara nyingi mwenye nyumba atakupeleka. Baada ya hapo hata mbwa watakuzoea.

Hatua ya saba: usalama, bila kutishana

Mahali penye utulivu kwako panaweza kuwa tulivu pia kwa kibaka. Mabonde ya mito, madaraja na vichaka vya vilimani kama Suye ni vya mchana tu, na vichakani usiende peke yako. Saa kumi na mbili jioni uwe umeshatoka bondeni. Jua likizama Arusha, giza haligongi mlango. Simu isining'inie mkononi ukitembea kando ya barabara yenye bodaboda. Kama njia imekutia shaka, ingia kwenye duka la kwanza, nunua maji, uliza njia. Muuza duka atakwambia ukweli, maana yeye anaishi pale.

Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, njia za juu za Ilboru na Sekei zinakuwa tope linaloteleza na mito inaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani wakati mjini ni pakavu. Miezi hiyo acha mabonde. Kaa Boma, nenda Makumbusho ya Azimio, ulizia Maktaba ya Mkoa na saa zake za kufungua, au tafuta kibaraza kilichoezekwa vizuri pale Kaloleni na uombe kiti upande wa ndani, kwa sababu mvua ya huku huja na upepo.